Mizani na Mzizi wa Mama Mkwe

Kule maabara hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Mizani, na jina hilo alilipata kihalali. Alipima unga wa mizizi kabla ya kuloweka na baada ya kukausha. Alipima panya kila asubuhi, mmoja mmoja, huku akiwajulia hali. Alipima chakula walichowekewa, na kesho yake akapima kile walichobakiza, kisha akaandika kwenye daftari la jalada jekundu ambalo kwa miaka kumi na tisa hakuna mtu mwingine aliyewahi kulifungua. Watafiti walikuja, wakasoma, wakapanda vyeo, wakahama, na daftari la mabaki likaendelea kuwa na msomaji mmoja. Mkewe, ambaye ni mshonaji wa nguo na ana ulimi usiopumzika, alikuwa akiwaambia wateja wake kwamba ukimwalika mume wake harusini usimtafute kwenye muziki, mtafute jikoni, anapima makombo.

Mizani alikuwa na udhaifu mmoja tu, nao ulikuwa mama mkwe wake. Kwa miaka ishirini na miwili ya ndoa hajawahi kumwambia mama yule neno "hapana". Akiulizwa kama chai imetosha, imetosha hata kama hajapewa. Akiambiwa shati lake limefifia, alilivua palepale na kushukuru. Hakuwa mwoga wa watu kwa jumla. Siku moja alimzuia mkuu wa chuo mlangoni kwa sababu alikuwa hajavaa koti jeupe. Lakini mbele ya mama mkwe sauti yake ilikuwa inashuka yenyewe, na magoti yanashindana kuinama.

Sasa mama mkwe alikuwa amehamia kwake, akiwa na masanduku mawili, ugonjwa wa sukari, na kidonda chini ya kidole gumba cha mguu wa kushoto kilichotokana na viatu vipya. Kliniki walimpa vidonge na kumwambia arudi kila baada ya siku mbili kufungwa kidonda. Vidonge akavitia mkobani na humo vikakaa. Yeye alikuwa na mfuko wa mizizi, myembamba kama vidole vya mtoto na myeusi kwa nje. Aliichemsha asubuhi, akaitia kwenye chupa ya chai, akawa anakunywa kikombe asubuhi na kikombe jioni, na maji yaliyobaki anaoshea kidonda. Binti yake alibembeleza, akanuna, akalia. Ndipo siku moja mezani, mbele ya watu wote, yule mama akatoa tamko.

"Mume wako si anafanya kazi ya kupima mizizi?" alimwambia binti yake. "Basi aupime huu wangu. Siku maabara yake itakaposema haufai, mimi mwenyewe nitavaa viatu niende hospitali."

Mizani hakulala vizuri usiku ule kwa furaha. Aliona njia imefunguka. Hatasema yeye, itasema maabara. Yeye atakuwa tarishi tu, na tarishi hagombezwi. Asubuhi alibeba mizizi kilo mbili na kumpelekea Daktari, yule mtafiti kijana aliyekuwa bosi wake, ambaye kazi yake yote ilikuwa kujaribu mizizi kama hiyo dhidi ya sukari na dhidi ya bakteria wa vidonda. Daktari aliufurahia mzizi ule. Mizani naye alifurahi, kwa sababu katika mizizi thelathini na moja waliyokwisha kuijaribu, ishirini na tisa ilikuwa imeshindwa. Aliomba kimoyomoyo, na hili aliliona aibu hata yeye mwenyewe, kwamba huu uwe wa thelathini kushindwa, tena ushindwe upesi kabla kidole hakijaharibika.

Waliosha mizizi, wakaikatakata, wakaianika kivulini siku kumi, wakaisaga, wakailoweka kwenye spiriti, wakaichuja, na kuiacha ikauke mpaka ikabaki kitu cheusi kinachonata kama jamu iliyoungua. Daktari alimwaga bakteria kwenye visahani vyenye jeli ya kuwakuzia, na juu yake akaweka vipande vidogo vya karatasi vilivyotiwa dawa ile. Kesho yake Mizani alifunua kisahani cha kwanza. Kuzunguka karatasi kulikuwa na duara safi, bakteria wote wamekufa. Alichukua rula akitumaini macho yamemdanganya. Milimita kumi na tano. Daktari alipiga makofi, na Mizani akampigia naye, mawili tu, kwa adabu.

Jioni mama mkwe aliuliza, kama alivyouliza kila jioni, habari za kazini. Mizani angeweza kusema uongo, lakini uongo kwa mama mkwe ulikuwa dhambi mbili kwa pamoja. Akatabasamu, tabasamu lile lile alilolivaa tangu siku ya posa, akasema duara limetokea, milimita kumi na tano. Mama mkwe akamwambia binti yake asikie vizuri, na kuanzia siku hiyo akawa anauosha mguu mara tatu badala ya mara moja.

Wakaja panya. Kundi la kwanza lilikuwa la panya wagonjwa wa sukari wanaopewa maji matupu badala ya dawa. Kundi la pili walikuwa wagonjwa vilevile, ila wao walinyweshwa mzizi. Kila baada ya siku mbili Mizani aliwatoa tone la damu kwenye mkia na kusoma kipimo. Kundi la kwanza halikutikisika. Kundi la pili lilianza kumi na tisa, likaja kumi na tano, likaja kumi na mbili, na kufikia wiki ya pili likasimama kwenye tisa. Daktari alikuwa akitembea kwenye korido akiimba. Alianza kuandika makala kabla ya kumaliza kunywa chai. Mizani alikuwa akirudi nyumbani kama mtu atokaye msibani, akifika mlangoni anaweka tabasamu lake mahali pake, anasema tisa, halafu anakwenda bafuni kukaa peke yake. Kila ushindi wa maabara ulikuwa unakula kidole cha mama yake mkwe, na aliyekuwa anauleta ushindi huo nyumbani alikuwa ni yeye. Hilo lilimuuma kweli.

Ajabu ni kwamba jibu lilikuwa mikononi mwake muda wote, na alilikalia. Lilikuwa kwenye daftari jekundu. Asubuhi moja, akipima makombo ya kundi la pili, aliona sahani ya mizani imeshuka zaidi ya kawaida. Akarudi nyuma kurasa tatu, nne, saba. Kundi la kwanza walikuwa wanasafisha vyombo vyao mpaka vinang'aa. Kundi la pili, tangu siku ya mzizi, walikuwa wanaacha zaidi ya nusu ya chakula. Akamshika panya mmoja. Alikuwa amekonda, manyoya yamesimama, anamtazama Mizani kama mtu aliyelishwa kitu kibaya na anajua ni nani aliyemlisha.

Alimwendea Daktari akiwa na daftari kwapani. Alimwambia kwamba anavyoona yeye, mzizi haujashusha sukari hata kidogo. Mzizi ni mchungu, umewakata panya hamu ya kula, na panya asiyekula sukari yake itapanda vipi. Daktari alikasirika kidogo, halafu akanyoosha mkono akaliomba daftari. Alikaa nalo mchana kutwa. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka kumi na tisa Mizani kuona kidole cha mtu mwingine kikitembea juu ya tarakimu zake, na alijifanya anafuta meza ili apate kuangalia.

Wakatengeneza kundi la tatu. Hawa hawakupewa mzizi, ila kila siku waliwekewa chakula kidogo sawasawa na kile walichokula wenzao wa mzizi. Baada ya wiki tatu sukari yao nayo ilikuwa tisa. Daktari alifuta makala yake kwa heshima zote. Kwa upande wa bakteria ukweli ulikuwa katikati: duara lilitokea, lakini kwa dawa iliyokolea mpaka haidondoki kwenye kijiko. Ilipopunguzwa ikawa nyepesi kama ile ya chupa ya chai, bakteria waliogelea ndani yake bila wasiwasi. Daktari alisema hapo pana kazi ya kufanya, miaka kadhaa, pengine wakipata kile kitu chenyewe kilichomo ndani. Kwa sasa si dawa ya mguu wa mtu.

Basi Mizani akawa na hukumu mkononi, imepimwa na kuandikwa, na kilichobaki kilikuwa kuifikisha tu. Siku ya kwanza alifika nyumbani akakuta mama mkwe anasuka mkeka, akaona si vizuri kumkatiza. Siku ya pili alikuwa na mgeni. Siku ya tatu hakuwa na mgeni wala mkeka, Mizani akaanza kusema, akajikuta anamwuliza kama chai imetosha. Lakini kulikuwa na jambo jingine lililomfunga ulimi, na hili halikuwa woga. Mama mkwe alikuwa anapona.

Kila asubuhi Mizani alimpima sukari kwa kumchoma kidoleni, kazi pekee aliyoruhusiwa kumfanyia. Mwezi wa kwanza ilikuwa inashuka kwa kusuasua huku mama mwenyewe akikonda. Sasa kipimo kilikuwa kinasoma saba, sita na nusu, saba. Kidonda, ambacho alikuwa akikiona kwa mbali kikiwa kimefungwa, sasa kilifungwa kitambaa kidogo zaidi. Mzizi uliokuwa umeshindwa kwa panya thelathini ulikuwa unafanya miujiza kwa bibi mmoja. Mizani akaanza kuwashuku panya. Akarudia vipimo viwili bila kumwambia Daktari. Akawaza labda panya na watu hawafanani, labda mkono wake ulitetemeka, labda alitaka mzizi ushindwe mpaka akauona umeshindwa. Mtu aliyekuwa hana shaka na gramu alianza kuwa na shaka na macho yake.

Mwishowe akafanya jambo ambalo kwenye maabara lingemfukuzisha. Alfajiri, chupa ikiwa jikoni, alijimiminia kikombe kizima akanywa. Uchungu ule ulimkamata ulimi, ukashuka kooni, ukakaa. Mchana aliangalia chakula chake kikamwangalia, akakifunika. Jioni vilevile. Na katika kile kichefuchefu alihisi kwamba ladha ile si ngeni kwake, aliwahi kukutana nayo mahali fulani akiwa kijana, ila hakukumbuka ni wapi.

Siku ya pili ndipo akili ilimrudia. Akiwa mezani bado hana hamu, alimwona mama mkwe akimaliza sahani yake, akaomba kuongezewa, akamaliza na hiyo, akaulizia tunda. Mizani aliacha kijiko. Panya anayekunywa mzizi hali. Yeye mwenyewe alikunywa kikombe kimoja na hali. Huyu anakunywa viwili kwa siku na anakula mara mbili. Kuna mahali mabaki yanakwenda.

Chumbani kwa mama mkwe mtu kama yeye haingii. Lakini nje ya dirisha lake, kwenye baraza, kulikuwa na chungu cha maua ambacho mkewe alikimwagilia Jumamosi kwa Jumamosi. Siku ya Alhamisi, kabla ya kwenda kazini, Mizani alichukua mizani ya jikoni akakipima kile chungu. Aliporudi alikipima tena. Kilikuwa kimeongezeka gramu mia mbili na arobaini. Ijumaa asubuhi, baada ya kikombe cha jioni, kilikuwa kimeongezeka nyingine kama hizo. Mvua haikunyesha. Akachovya kidole kwenye udongo, akakilamba, na uso wake ukajikunja wenyewe. Ua lenyewe lilikuwa limebaki na majani manne.

Jumamosi mchana alipiga moyo konde. Mama mkwe alikuwa amekaa barazani, mguu juu ya kigoda. Ndani mkewe alikuwa anashona, na cherehani inasikika mfululizo. Mizani akakaa kwenye ukingo wa kiti, akasafisha koo.

"Mama," alisema, "wale panya wa kundi la pili..."

"Nimechoka na panya," alisema mama mkwe. "Miezi miwili nakula nao mezani. Sema lako."

Mizani alifunga macho, kama wanavyofanya watu wakichomwa sindano.

"Mzizi haushushi sukari, mama. Unakata hamu ya kula tu. Tumewapunguzia chakula panya wengine ambao hawajaunusa, na sukari yao imeshuka vilevile. Na kwa kidonda, ulivyo kwenye chupa hauui kitu. Maabara imesema haufai."

Cherehani ilinyamaza. Mizani alifungua jicho moja. Mama mkwe alikuwa anamtazama bila hasira, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama hata siku moja.

"Nilisema siku hiyo nitavaa viatu niende hospitali," alisema.

"Ulisema, mama."

"Nilishavaa. Nina wiki tano sasa."

Akaingiza mkono mkobani, akatoa kijikaratasi cha vidonge, kimeminywa karibu chote. Akaeleza polepole, bila kutia chumvi. Ni ile jioni Mizani aliporudi na habari ya sukari ya panya kufika tisa. Usiku ule aliufungua mguu akakuta kidole kimebadilika rangi. Alikaa nacho mpaka asubuhi akijiambia kwamba maabara imesema mzizi ni mzuri, basi kitarudi chenyewe. Mizani alipoondoka kwenda kazini, binti yake aliingia chumbani, akaona, hakubishana naye. Alimwinua kitandani wakaenda. Muuguzi alimwambia wangengoja wiki moja zaidi wangekikata.

Mizani alikumbuka jioni ile, alivyosimama mlangoni na kuliweka tabasamu mahali pake. Macho yakamjaa maji na hakujaribu kuyaficha.

"Kwa nini hukuniambia, mama?"

"Nikuambie vipi? Kila siku ulikuwa unakuja na mzizi wangu umeshinda, unatabasamu kama umepandishwa cheo. Nilisema huyu ameuhangaikia sana, nisimvunje moyo. Nikawa naumwaga kwenye lile ua."

"Nilikuwa sitabasamu, mama. Nilikuwa nakuogopa."

"Miaka ishirini na miwili yote?"

"Yote."

Mama mkwe alicheka kwanza kwa pua, kisha kwa mabega, kisha kigoda kikaanza kutikisika na mguu juu yake. Ndani mkewe naye alisikika, na kwa kicheko chake ilikuwa wazi kwamba alijua siri za pande zote mbili na alikuwa amezifaidi peke yake kwa wiki tano. Mizani alipanga kumkasirikia baadaye, akipata nafasi.

"Na hilo la hamu ya kula," alisema mama mkwe akifuta macho, "ungeniuliza tu, bila kuwasumbua hao wanyama. La sukari niliambiwa na jirani, tena mwaka jana. Lakini la hamu ya kula nalijua tangu utoto. Mama yangu alikuwa akiuchemsha mgeni akizidisha siku. Anapewa kwenye chai. Siku ya pili chakula hakipandi, ya tatu anakumbuka kwamba kwao kuna kazi."

Ladha ile ilimrudia Mizani ulimini, na safari hii ilikuja na chumba chake: sebule ya wakwe, yeye kijana mwenye shati la kuazima, amekuja kujitambulisha, amepewa chai, na kwa siku tatu hakuweza kumeza hata tonge. Kwa miaka yote amekuwa akimwambia mkewe kwamba yalikuwa mapenzi. Mkewe amekuwa akiwasimulia wateja.

"Mama," alisema taratibu, "nilipokuja kwenu mara ya kwanza..."

"Mzee wangu hakukupenda," alisema mama mkwe. "Alisema mtu anayeangalia sahani za wenzake si mtu mzuri. Akaniambia nikuchemshie."

Alishusha mguu kwenye kigoda, akauvuta mkono wa Mizani akaushika, jambo ambalo halikuwahi kutokea.

"Nilikupa vikombe viwili kila siku, mwanangu. Hukula, hukulala, ulikonda mbele ya macho yetu, na hukuondoka. Siku ya tatu nikamwambia mzee, tumwache amchukue. Huyu, mzizi haumwezi."

Ndani, cherehani ilianza tena.